"Tanzania haina mabomu ya ardhini, sasa mnamhamasisha nani?"

Swali la msomaji wa Morogoro: "Mimi ni mwanafunzi wa chuo, mwaka wa pili. Na wenzangu tumeanzisha klabu ndogo ya amani, na tarehe 4 Aprili tumepanga kampeni ya kuelimisha watu kuhusu mabomu ya kutegwa ardhini na mabomu ya vishada. Hela ya fulana tumeshachangishana, mchoraji wa mabango tunaye. Tatizo ni kwamba wenzetu wa hosteli wanatucheka: nchi yenyewe haina mabomu, mnamhamasisha nani? Kusema kweli nilikosa la kuwajibu. Je, kampeni hii ina maana kwetu? Na kama inayo, tufanye nini isiishie kwenye picha za mitandaoni?"

Jibu:

Mdogo wangu, wenzako wamekusaidia bila kujua. Nianze na jibu unaloweza kuwapelekea leo jioni.

Tarehe 3 Desemba 2008, mjini Oslo, Tanzania ilitia saini Mkataba wa Mabomu ya Vishada, yale ambayo wengine huyaita mabomu mtawanyiko. Ilikuwa siku ile ile mkataba ulipofunguliwa. Kenya na Uganda nazo zilitia saini siku hiyo, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikafuata mwaka 2009. Hadi ninapoandika, hakuna hata moja kati ya hizo nne iliyouridhia. Wakati huohuo Burundi iliridhia 2009, Msumbiji 2011, Rwanda na Somalia 2015, na Sudan Kusini ikajiunga 2023. Yaani majirani kadhaa waliopitia vita wametangulia, na sisi ambao vita tunavisikia redioni tumebaki na saini isiyotufunga kikamilifu. Kwa hiyo wakikuuliza tena mnamhamasisha nani, waambie mnamhamasisha mbunge wenu.

Angalia kwamba sikutaja mabomu ya kutegwa ardhini. Mkataba wa Ottawa wa 1997, unaopiga marufuku mabomu ya ardhini ya kulenga watu, Tanzania iliuridhia mwaka 2000, na nchi zote za Afrika Mashariki zimo ndani. Huko deni la saini hatuna. Watu wengi, hata waandishi wa habari, huvichanganya vitu hivi viwili, na klabu yenu ikivichanganya mbele ya mbunge anayejua mambo, mtaaibika dakika ya kwanza.

Bomu la ardhini kwa kawaida mtu huliweka kwa mkono, akalifukia, likangoja mguu wa yeyote. Bomu la vishada hudondoshwa na ndege au hurushwa kwa mzinga au roketi, kisha hufunguka angani na kumwaga vijibomu kwa makumi au mamia juu ya eneo pana. Lengo lake ni kulipuka papo hapo, lakini vingi havilipuki. Hubaki shambani, juu ya mapaa, matawini. Nchini Laos, kati ya 1964 na 1973, Marekani ilimwaga zaidi ya vijibomu milioni 270, na inakadiriwa kuwa hadi asilimia 30 havikulipuka. Mpaka leo, nusu karne baadaye, wakulima wa Laos wanavichimbua kwa jembe. Umbo lenyewe ni mtego kwa mtoto: vingine ni vya mviringo kama mpira mdogo, vingine kama kopo lenye utepe. Mwaka 2001 huko Afghanistan, vijibomu vya Marekani vilikuwa na rangi ya njano, na pakiti za chakula cha msaada zilizodondoshwa na Marekani hiyohiyo zilikuwa njano pia. Ilibidi rangi ya pakiti ibadilishwe kuwa bluu. Kisa hicho kisimulieni kila mnapopata nafasi, kinafanya kazi kuliko takwimu kumi.

Sasa nije kwenye kosa ninaloliona kwenye kampeni nyingi za wanafunzi. Wanafanya kazi mbili kwa wakati mmoja na kwa hadhira moja. Kazi ya kwanza ni elimu ya tahadhari: kumfundisha mtu anayeishi karibu na hatari asiguse, asisogelee, arudi kwa njia aliyojia, aweke alama na atoe taarifa. Kazi ya pili ni ushawishi: kumsukuma mwenye madaraka afanye jambo fulani. Bango lenye picha ya bomu na maneno "Usiguse!" likibandikwa kwenye kantini ya chuo Morogoro halimsaidii mtu, kwa sababu hakuna wa kuligusa. Na risala ya kuridhia mkataba ikisomwa mbele ya watoto wa darasa la nne kijijini, wataondoka na biskuti tu.

Je, elimu ya tahadhari ina mahali pake Tanzania? Ina, tena pengine kuliko mnavyodhani. Novemba 2017, katika Shule ya Msingi Kihinga, wilayani Ngara mkoani Kagera, karibu kabisa na mpaka wa Burundi, bomu la kurusha kwa mkono lililipuka kati ya wanafunzi. Watano walikufa na zaidi ya arobaini wakajeruhiwa. Taarifa za wakati ule zilieleza kuwa mtoto aliliokota akidhani ni chuma chakavu cha kuuza. Lile halikuwa bomu la ardhini wala kijibomu cha vishada, na msilitumie kana kwamba ni moja ya hivyo. Lakini somo ambalo lingewaokoa wale watoto ndilo hilohilo, na mtoto anayeokota vyuma kwa ajili ya kilo haulizi bomu limetajwa kwenye mkataba gani. Wakazi wa Dar es Salaam nao wanakumbuka Mbagala, Aprili 2009, na Gongo la Mboto, Februari 2011, maghala ya silaha yalipolipuka na vipande kurushwa hadi kwenye makazi ya watu.

Kigoma kuna wakimbizi wa Burundi na Kongo, kambi ya Nyarugusu ikiwa mojawapo. Wakirudi kwao, baadhi watarudi kwenye mashamba yaliyopiganiwa. Kama kuna mwanachama wenu anayetoka Kigoma au Kagera, yeye ndiye wa kuongoza upande huu, wakati wa likizo, akiwa na kibali cha halmashauri na mwalimu mkuu, na akiwa amefundishwa kwanza na watu wa kazi hiyo. Msiende mkoa mzima mkiwa na kipaza sauti. Shule mbili za mpakani zilizofundishwa vizuri zinatosha kwa mwaka wa kwanza. Kama hamna mtu huyo, iacheni kazi hii kabisa, mbaki na ushawishi.

Historia ya kusini nayo iko upande wenu. Wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji, 1964 hadi 1974, Wareno walitega mabomu kaskazini mwa nchi ile, karibu na mpaka wetu, kuwazuia wapiganaji wa FRELIMO waliokuwa wakivuka kutoka Tanzania, walikokuwa na kambi kama ile ya Nachingwea. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyofuata, hadi mapatano ya Roma ya Oktoba 1992, vikaongeza mengine nchi nzima. Kazi ya kuyategua ilichukua zaidi ya miaka 20. Tarehe 17 Septemba 2015 Msumbiji ikajitangaza kuwa haina tena mabomu ya ardhini yanayojulikana, na shirika moja tu kati ya yaliyofanya kazi hiyo, HALO Trust, lilikuwa limeharibu zaidi ya mabomu 171,000. Anayewaambia kwamba mikataba hii ni karatasi tupu, mpelekeni Msumbiji.

Ninyi wa Morogoro mna bahati ambayo klabu nyingine duniani zingeilipia nauli. Pale Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine ndipo shirika la APOPO linapofundisha panya buku kunusa vilipuzi. Panya mzima ana uzito wa kilo moja na kidogo, hivyo anapita juu ya bomu bila kulilipua, na eneo la kiwanja cha tenisi analikagua kwa takriban nusu saa, mahali ambapo mtu mwenye kifaa cha kutambua metali angeweza kuchukua hadi siku nne. Magawa, aliyezaliwa na kufunzwa hapohapo Tanzania, alifanya kazi Kambodia na kutambua mabomu ya ardhini 71 na vilipuzi vingine 38, akapewa nishani ya dhahabu ya PDSA, shirika la wanyama la Uingereza, mwaka 2020. Akafuata Ronin, ambaye mwaka 2025 aliingia kwenye kitabu cha rekodi za Guinness kwa mabomu 109. Ombeni ziara. Mwalikeni mkufunzi wa panya aje chuoni kuzungumza, ukumbi utajaa, nawahakikishia. Ila mjihadhari: panya anapendeza mno. Nimeshaona hadhira ikitoka ukumbini inazungumza juu ya ndizi anayopewa panya kama zawadi, na hakuna anayekumbuka mkataba. Panya awaite watu, halafu kabla hawajatoka mlangoni pawe na barua ya kutia saini.

Hapo kwenye barua ndipo nataka mtumie nguvu zenu zote.

Someni kwanza Katiba, ibara ya 63(3)(e). Inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba yote ya Jamhuri ya Muungano ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa. Kwa mpangilio, serikali inapitisha jambo kwenye Baraza la Mawaziri, waziri anawasilisha azimio la kuridhia bungeni, wabunge wanajadili na kupitisha, kisha hati ya kuridhia inapelekwa kwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Kwa mkataba huu, nchi huanza kufungwa nao rasmi siku ya kwanza ya mwezi wa sita baada ya hati kupokelewa. Kwa hiyo mlango wa kwanza kugonga ni Wizara ya Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki, wa pili ni Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Mambo ya Nje, Ulinzi na Usalama, na wa tatu ni mbunge wa jimbo kilipo chuo chenu, pamoja na wabunge wa majimbo mnayotoka. Huyo wa majimbo mnayotoka msimdharau. Klabu yenye watu 30 inaweza kugusa majimbo 20, jambo ambalo shirika lenye ofisi Masaki haliwezi kwa urahisi.

Barua iwe ya ukurasa mmoja. Iseme nchi ilitia saini lini, iseme majirani gani wamesharidhia, iseme mkataba unataka nini: kutotumia, kutotengeneza, kutohifadhi wala kuhamisha silaha hizi, kuteketeza akiba ndani ya miaka minane kwa nchi iliyo nayo, kusafisha maeneo ndani ya miaka kumi, na kuwahudumia walioathirika. Kisha iulize swali moja: serikali imepanga lini kuwasilisha azimio la kuridhia? Mkiongeza na mambo ya Gaza, ya tabianchi na ya mikopo ya elimu ya juu, mmewapa sababu ya kujibu lile rahisi na kuliacha hili.

Msisahau askari wetu. JWTZ imekuwa ikipeleka walinda amani Kongo, tangu brigedi ya Umoja wa Mataifa ya kuingilia kati ilipoundwa mwaka 2013, na Jamhuri ya Afrika ya Kati pia. Wale vijana wanatembea kwenye ardhi yenye mabaki ya vita. Mbunge ambaye hoja ya haki za binadamu inampa usingizi ataamka mkimwambia kuhusu kijana wa jimboni kwake aliyevaa kofia ya bluu.

Msomaji wa Kenya akisoma hapa, njia yake inafanana ila mlango ni tofauti. Sheria ya Kufanya na Kuridhia Mikataba ya 2012 inataka Baraza la Mawaziri kisha Bunge la Taifa, na umma ushirikishwe, kwa hiyo wanafunzi wanaweza kuwasilisha maoni yao kwa maandishi. Na Kenya wana kisa cha nyumbani: mwaka 2002 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa Wamaasai na Wasamburu 233, baadhi yao familia za waliokufa na wengine walioumizwa na vilipuzi vilivyoachwa kwenye maeneo ya mazoezi ya jeshi lake. Walioibana Uingereza hadi ikalipa walikuwa wafugaji.

Huenda mnajiuliza pia kama watu wachache, wanafunzi wakiwemo, waliwahi kubadilisha lolote. Kampeni ya kimataifa ya kupiga marufuku mabomu ya ardhini ilianza 1992 na mashirika sita tu, Jody Williams akiwa mratibu. Ilidai kitu kimoja: marufuku kamili. Oktoba 1996 waziri wa mambo ya nje wa Kanada, Lloyd Axworthy, aliwashtua mabalozi kwa kuwaalika warudi Ottawa baada ya mwaka mmoja kuja kutia saini. Wakarudi Desemba 1997, nchi 122 zikatia saini, na kampeni pamoja na Williams wakapata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka huohuo. Miongoni mwa sauti zilizosikika sana alikuwa Song Kosal, msichana wa Kambodia aliyepoteza mguu akiwa mtoto mdogo. Huko West Virginia, Marekani, nchi ambayo haijajiunga na mkataba wowote kati ya hii miwili, wanafunzi wa shule waliunda kikundi chao na wameendelea kuwaandikia wanasiasa wao kizazi baada ya kizazi. Hawajashinda. Lakini wanajua wanadai nini, na kwa nani, na ndiyo sababu kikundi hakikufa waanzilishi walipohitimu. Hilo liwekeni akilini, maana klabu za vyuo vyetu hufa na mahafali. Mtafuteni katibu wa mwaka wa kwanza sasa hivi, na nakala za barua zote awe nazo yeye.

Kuna mtu atawaambia kwamba mikataba yenyewe inabomoka. Ana hoja, msijifanye hamjasikia. Mwaka 2025 Estonia, Latvia, Lithuania, Finland na Poland ziliamua kujitoa kwenye Mkataba wa Ottawa kwa kuiogopa Urusi, na Lithuania ilikuwa imeshajitoa kwenye ule wa mabomu ya vishada mwezi Machi mwaka huohuo. Marekani ilianza kuipa Ukraine mabomu ya vishada mwaka 2023, na Urusi imeyatumia huko tangu 2022. Kwa maoni yangu hili linaipa saini ya Tanzania uzito zaidi kuliko ilivyokuwa 2008. Nchi za Ulaya zinapotoka, kila nchi ya Afrika inayoingia inahesabika mara mbili mezani. Na wanaolipa ni walewale: kwa mwaka 2023 walioandikishwa kuuawa au kujeruhiwa na mabomu ya ardhini na mabaki ya vilipuzi walikuwa 5,757 duniani, na asilimia 84 yao walikuwa raia.

Kuhusu siku yenyewe, machache. Tarehe 4 Aprili ni siku ya Umoja wa Mataifa, iliyotangazwa na Baraza Kuu mwaka 2005. Duniani kuna desturi ya kukunja mguu mmoja wa suruali siku hiyo. Ni rahisi, haina gharama, na inamfanya mtu aulize. Ufaransa, kwa tarehe nyingine, wamekuwa wakirundika viatu uwanjani hadi vikawa kama piramidi. Mkitaka kuandamana nje ya chuo, sheria inataka taarifa ya maandishi kwa polisi si chini ya saa 48 kabla, na Mshauri wa Wanafunzi ajue mapema. Ndani ya chuo mtapata usumbufu mdogo zaidi. Msilete kilipuzi chochote cha kweli, hata mkiambiwa "kimeshatolewa baruti". Msigawe mifano ya plastiki ya vijibomu kwa watoto, wataichezea, halafu siku moja wataichezea ya kweli. Mkimwalika manusura, mlipieni nauli na chakula, mwulizeni yeye anataka kusema nini, na picha yake isitumike bila ruhusa yake ya maandishi. Na mguu uliokatika usiwe pambo la fulana.

Nikirudi kwenye hela za fulana: zigawanyeni. Nusu inatosha kwa fulana za wanaosimama meza ya saini. Nyingine ni nauli ya watu watatu kwenda Dodoma. Bunge la bajeti huanza mapema Aprili na kuendelea hadi mwisho wa Juni, kwa hiyo siku yenu inaangukia karibu na wakati wabunge wote wanapokuwa mji mmoja, na bajeti ya Wizara ya Mambo ya Nje husomwa ndani ya kipindi hicho. Barua iwafikie mwanzoni mwa Machi ili mbunge apate muda wa kuandaa swali. Kabla hamjaipeleka, angalieni upya orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zilizoridhia, ili mtu asije akawaambia mmechelewa kwa wiki moja. Mkipeleka, ombeni mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu. Wiki tatu zikipita bila jibu, mrudi na nakala ile yenye mhuri, mkiwa watu walewale watatu.